Jibu la Kerenge

Fomu zote mbili nilizijaza mimi, ya Bibi na yangu, kwa peni nyeusi kama tulivyoambiwa. Nilizijazia juu ya beseni lililofunikwa, maana nyumbani hatuna meza. Nimeishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu unasomeka, na watu wengi wa makazi yetu ya wakimbizi huniletea barua zao niwaandikie. Sikufuta hata neno moja. Penye jina niliandika jina. Penye nchi uliyotoka niliandika Somalia kwa Bibi na Kenya kwangu. Nilipofika penye mahali pa kuzaliwa nikamuuliza Bibi, naye akanijibu bila kuinua macho kwenye kunde alizokuwa akichambua.

"Kerenge."

Nikaandika Kerenge, Korogwe. Kwenye fomu yangu nikaandika hivyo hivyo. Tangu nianze kusema nimefundishwa kwamba mtu akiniuliza nimezaliwa wapi, nijibu Kerenge. Bibi alifundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na wake. Sikuona kosa lolote.

Sisi ni Wazigua wa Somalia. Wazee wetu walichukuliwa zamani sana, mwaka wa njaa kubwa, wakavushwa bahari wakifanywa watumwa. Walipotoka utumwani wakakaa kandokando ya Mto Juba na hawakuiacha lugha yao. Vita vya huko vilipoanza, wajukuu na vitukuu wakaanza kurudi Handeni, kidogo kidogo, wakiulizia njia. Bibi Maryamu alifika akiwa amenibeba mgongoni, nikiwa na miaka miwili na mama yangu keshafariki. Wenzetu wengi walishapata uraia. Sisi tulichelewa kufika, na majina yetu hayakuwemo kwenye orodha. Bila karatasi ya uraia huna namba ya kitambulisho, husajili laini ya simu kwa jina lako, na kila ukitaka kutoka makazini unaomba kibali. Miaka kumi na tisa tumeishi hivyo. Basi waliposema maafisa wa uhamiaji wanakuja Handeni mjini kwa wiki moja tu, mpaka Ijumaa saa sita mchana, Bibi alifua gauni lake siku tatu kabla.

Siku ya Jumanne tulifika mezani kwa afisa mmoja anaitwa Castory, kijana wa Bukoba, mpole wa sauti. Alisoma fomu ya Bibi, akarudia juu, akasoma tena.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba."

"Hapa umeandika umetoka Somalia."

"Ndiyo."

"Na umezaliwa Korogwe."

"Kerenge," Bibi akamsahihisha.

"Sasa ulikwenda Somalia lini?"

Bibi akamtazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto. Akajibu kwa Kizigua, nami nikatafsiri. "Anasema hajawahi kwenda Somalia. Walipelekwa."

"Nani walipelekwa?"

"Bibi wa bibi yake."

Kwenye foleni nyuma yetu mtu alicheka. "Huyo bibi amezaliwa kabla hajazaliwa," akasema mwingine, na wakacheka wengi. Castory hakucheka. Akavuta fomu yangu, akaiona. Akaniangalia mimi sasa.

"Na wewe, binti? Umezaliwa Kerenge?"

Nilijua kwamba tulitoka kambini Kenya. Nilijua kabisa. Lakini Bibi alikuwa amesimama kando yangu, na mdomo ukajibu wenyewe: "Ndiyo."

Akaweka peni chini. Alituambia taratibu, kama mtu anayehesabu vidole. Aliyezaliwa hapa haombi uraia, anathibitisha. Alete barua ya mtendaji wa kijiji alikozaliwa na wazee wanaoifahamu familia. Aliyezaliwa nje anakula kiapo mahakamani kwamba alizaliwa nje, anajaza fomu upya; aliyeletwa akiwa mtoto, kiapo cha mlezi wake kinamtosha. Akafungua droo, akatuonyesha fomu mbili safi. "Nawawekea hizi. Lakini fomu yenye mambo mawili yanayopingana nikiipeleka, itarudishwa, na itakaporudi mimi sipo. Ijumaa saa sita tunafunga."

Tulipotoka nje nilimwambia Bibi kwa upole kwamba kiapo ndiyo njia fupi. Mahakama ya mwanzo iko palepale mjini. Unasema ulikozaliwa kweli, basi.

"Nimeshasema nilikozaliwa."

"Bibi, wewe hukuzaliwa Kerenge. Hata kufika hujafika."

"Nani kakuambia nimefika?" Akajifunga upya kitambaa chake kichwani. "Mama yangu alinikataza kusema pengine. Siwezi kusimama mbele ya hakimu nikamgeuka mama yangu. Kerenge ni mbali?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote ile alikuwa anakaa mwendo wa nusu siku tu kutoka mahali alipopataja kila siku, na hakuwahi kwenda. Mwanzoni alizuiwa na kukosa kibali. Baadaye, nafikiri, aliogopa. Mimi pia niliogopa. Nilitaka karatasi ile kuliko kitu chochote, na niliona inatuponyoka kwa ajili ya neno moja.

Jioni ile ile tukapata kibali cha siku mbili, Jumatano alfajiri tukapanda basi la Korogwe, na kutoka Korogwe tukaungaunga gari na bodaboda mpaka Kerenge. Milima ya Usambara ilisimama pande mbili za bonde, mirefu na ya bluu, mawingu yamekaa juu yake kama hayana kazi. Handeni kwetu ni kukavu. Nilikuwa sijawahi kuona kijani cha namna ile. Kila tulipopita kilima midomo ya Bibi ilicheza.

Mtendaji wa kijiji alikuwa mama mnene mchangamfu, jina lake Efrazia. Alitusikiliza mpaka mwisho, akisukuma sahani ya mihogo ya kuchemsha upande wetu.

"Mama Mtendaji, tunaomba barua tu," nilimwambia.

"Barua naandika, mdogo wangu. Lakini naandika ninachokijua. Huyu mama mimi simjui. Hapa hata mimi mwenyewe wananiita mgeni, na nimezaliwa kwenye nyumba ile pale." Alionyesha kwa kidole. "Babu yangu alitoka Makete kuja kukata mkonge. Mpaka anakufa, ukimuuliza kwao, anasema Makete. Tukimwambia babu, una wajukuu kumi na wanane hapa, anasema ndiyo, nipo safarini."

Bibi aliposikia hivyo akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Efrazia akatuma aitwe Mzee Mbwana, ambaye ukoo wake ndio wa zamani zaidi kijijini. Alikuja na jembe begani, akiwa ametolewa shambani, na uso wake ulionyesha kwamba hakupenda. Nilimwamkia, akaitikia akimtazama Bibi.

"Wametoka Handeni," Efrazia akasema. "Mama anasema wazee wake ni wa hapa. Walichukuliwa zamani."

"Kila mtu siku hizi wazee wake ni wa hapa," Mzee Mbwana akajibu. "Ardhi ikipanda bei, wazee wanaongezeka."

Bibi akamsalimia kwa Kizigua. Mzee akaitikia, halafu akageuza kichwa kidogo, kama aliyesikia mtu akiita kutoka mbali. Akamuuliza kitu, Bibi akamjibu, na mazungumzo yakaenda. Mimi Kizigua ninakijua, lakini Bibi alikuwa anazungumza kile cha ndani kabisa, cha mama yake.

"Haya maneno," Mzee akatuambia sisi kwa Kiswahili, "alikuwa anayasema bibi yangu mimi. Sijayasikia tangu tumzike." Akajikaza tena. "Lakini maneno si hati. Taja wazee wako."

Bibi akataja majina saba. Nilimwangalia Mzee usoni kila jina lilipotoka, kama unavyomwangalia mtu anayetafuta sindano kwa vidole. La saba likatoka. Akatikisa kichwa.

"Hata moja silijui."

Jumatano ilikuwa imeshafika mchana. Nikaanza kuhesabu tutarudije.

Bibi hakubabaika. "Basi nikutajie shamba," akasema.

Akasimama. Akageuka taratibu palepale ofisini, akatafuta pa kuelekea, na akasema kama tunavyosema mambo tuliyoshika darasani, kwa sauti moja isiyo na haraka. "Mgongo uupe mlima wenye mabega mawili. Mkono wa kulia una mto. Mkono wa kushoto una njia ya nyati. Mbele yako kuna jiwe, juu yake kikombe. Maji ya kikombe hayakauki kiangazi. Hapo ndipo unapolima, hapo ndipo ulipozaliwa."

Mimi maneno hayo nayajua. Ndiyo niliyobembelezewa. Sikuwahi kudhani ni maelekezo.

Mzee Mbwana alikaa kitako. "Milima yenye mabega ipo mingi. Nyati wameisha. Mto umehama, mafuriko yaliuhamisha nikiwa mdogo." Akamwangalia Efrazia, naye Efrazia alikuwa ameacha kutafuna.

"Mzee, si lile jiwe?"

"Lipi?"

"Babu alikuwa anasimulia. Wakati wanatandika reli ya troli ya kubebea mkonge walipasua jiwe lililokuwa linakaa maji. Wakata mkonge walikuwa wakinywa pale, wakagoma siku nzima. Msimamizi akalipasua hivyohivyo."

"Lilipasuliwa mimi sijazaliwa," Mzee akasema polepole. "Baba yangu alinionyesha lilipokuwa. Nilikuwa nimeshasahau." Kisha akamgeukia Bibi, na sauti yake ilikuwa ngumu. "Hapo sasa ni shamba la wanangu. Umekuja kudai?"

"Nidai nini, na umri huu?" Bibi akamjibu. "Nimekuja kujibu. Tuliambiwa tusisahau, hatukusahau. Nitaondoka kesho asubuhi. Wewe lima."

Mzee akachukua jembe lake. "Twende basi, kabla jua halijazama."

Tulitembea wanne, tukapita mihogo, tukapita mahindi yaliyoanza kubeba, tukaingia palipobaki mistari ya mkonge wa zamani, uliooteana na vichaka. Mlima ulikuwa nyuma yetu. Niligeuka kuutazama, na ulikuwa na mabega mawili. Nilijiambia kwamba mlima ukiutazama kwa kutamani utaona unachotaka.

Mzee akafyeka majani kwa jembe. Jiwe lilikuwepo, nusu yake. Lilifika kiunoni kwangu, jeusi, upande mmoja laini kama chungu na upande mwingine mkali lilipopasuliwa. Juu yake palikuwa na nusu ya shimo la mviringo, nusu kikombe, wazi upande mmoja. Haliwezi kushika hata tone. Lakini chini yake udongo ulikuwa umelowa, na magimbi yalikuwa yamestawi pale, majani mapana, wakati nyasi za kandokando zimekauka.

Nilisimama na mikono yangu ikawa haina pa kukaa. Kilichonishangaza hakikuwa jiwe, mawe yapo. Nilikuwa nafikiria wale wanawake. Mmoja alichukuliwa kutoka hapa, hajui kusoma, hana hata nguo ya kubadili, akavushwa bahari, na kitu pekee alichobeba ni mahali lilipo jiwe hili. Akampa mwanawe akiwa anapalilia. Mwanawe akampa wake. Waliishi na kufa bila kuliona, wakilitunza kama wanavyotunza moto, na halikupotea hata neno. Mimi nina kalamu na daftari, na wiki iliyopita nilisahau namba ya simu niliyoiandika mwenyewe.

Bibi alivua ndala. Akaingia kwenye tope la magimbi mpaka vifundoni, akaweka kiganja ndani ya ile nusu ya kikombe, akakiacha pale.

"Mama hakusema kwamba limepasuka," akasema.

"Asingejua," Mzee Mbwana akamjibu. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kikombe hicho hata wanangu hawakijui. Nani alikuambia wewe?"

Bibi alikisugua kikombe kwa kidole gumba. Alikaa pale muda mrefu. Efrazia alikuwa amejishika kidevu, na Mzee alianza kung'oa magugu yaliyokuwa yakimzunguka Bibi, taratibu, bila kuambiwa. Mwishowe Bibi akaniita nikamshike mkono atoke topeni.

"Mama alisema hivi," akaniambia huku akiniegemea. "Semeni Kerenge mpaka mmoja wenu afike Kerenge. Akifika, amelifikisha jina, alitue." Alipumua. "Haya. Nimelitua. Wewe na huyo kijana wako wa ofisini mniandike mnapotaka."

"Nikuandike wapi, Bibi?"

"Nilikozaliwa."

Usiku ule tulilala kwa Mzee Mbwana. Mkewe alitupikia bada, ugali wa muhogo, na mboga ya majani. Asubuhi Efrazia alituletea barua. Hakuandika kwamba Bibi alizaliwa pale. Aliandika kwamba siku ya Jumatano Bibi Maryamu alifika kijijini kwa mara ya kwanza maishani mwake, akataja mipaka ya shamba na jiwe lililopasuliwa zamani, na kwamba wao wawili wameshuhudia kwa macho. Akapiga muhuri. Mzee Mbwana akaweka dole gumba, halafu akamwambia Bibi, "Ukija tena, usilete karatasi. Njoo tu."

Alhamisi alasiri tulikuwa mahakamani Handeni. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, alimuuliza Bibi anaapa kwa dini gani, akampa msahafu. Nilikuwa nimejiandaa kutafsiri, lakini Bibi alisema kwa Kiswahili, na alisema mwenyewe.

"Nilizaliwa Mugambo, mtoni Juba, upande wa ng'ambo. Nilizaliwa wakati wa kuvuna ufuta. Mto ulikuwa umejaa, mamba wanapanda mpaka kwenye vinu. Mama alinizaa juu ya dari ya nafaka, maana chini palikuwa na maji. Baba alipiga makasia siku nzima kumfuata mkunga."

Karani alikuwa ameacha kuchapa. "Bibi, inatosha kijiji na mwaka," akasema hakimu, lakini alisema polepole, na Bibi akaendelea. Akaeleza samaki wa mto ule. Akaeleza rangi ya maji. Miaka yangu yote sikuwahi kumsikia akilitaja hilo jina la Mugambo. Nilidhani huko hakukuwa na kitu, kwamba palikuwa mahali pa kusubiri tu. Sasa niliona kwamba alipapenda, na kwamba alifunga mdomo juu ya mahali anapopapenda kwa zaidi ya miaka sabini, ili lile jina jingine lipate nafasi.

Ijumaa saa nne asubuhi tulikuwa tena kwa Castory. Akatoa fomu safi kutoka kwenye droo kama alivyoahidi. Nikaandika. Alisoma.

"Mugambo, Somalia. Bibi, una uhakika sasa?"

"Nilikuwepo," Bibi akamjibu.

Hapo Castory akacheka kweli, na foleni ikacheka naye. Akasoma kiapo, akagonga muhuri. Barua ya Efrazia aliisoma mara mbili. Akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu.

"Hii kisheria sijui inaingia wapi," akasema. "Wala siitoi." Akaipachika pini nyuma ya kiapo, ndani ya faili. "Sasa wewe, binti. Fomu yako."

Peni ilikuwa mkononi mwangu. Niliandika jina langu, Ikram, na la baba. Nikafika mahali pa kuzaliwa nikakwama. Kambini, ndiyo, lakini kambi ni kubwa kama mji. Sikuwahi kuuliza. Ningeulizaje, na jibu nilikuwa nalo tayari?

"Bibi," nikamwambia. "Mimi nilizaliwa wapi?"

Foleni ilikuwa ndefu nyuma yetu. Castory aliangalia saa ukutani, halafu akaacha kuiangalia. Bibi akavuta kiti kisichokuwa chake, akakaa kunikabili, magoti yake yakagusana na yangu.

"Kakuma," akasema. "Andika hilo kwanza, kijana amalize kazi yake."

Nikaandika Kakuma, Kenya. Castory akagonga muhuri, akanikatia kipande cha chini chenye namba ya faili, akampa Bibi chake. Alituambia majibu yatakuja makazini, tusubiri. Nilikishika kile kipande kwa vidole viwili kama kinaweza kuniunguza.

"Kulikuwa na vumbi," Bibi akaendelea, kwa Kizigua, kana kwamba ofisi yote ilikuwa imeondoka. "Upepo ulikuwa unataka kung'oa turubai. Mama yako alishika nguzo kwa mkono mmoja na mkono wangu kwa mwingine, na alikuwa ananitania. Alisema, mama, huyu tukiulizwa tuseme kazaliwa Kerenge, na Kerenge kuna upepo namna hii? Alikuwa mtu wa utani sana, mama yako."

Sikujua kwamba mama yangu alikuwa mtu wa utani.

"Tupisheni kidogo pale benchi, mama zangu," Castory akasema kwa adabu, "nimhudumie anayefuata."

Tukahamia kwenye benchi la ukutani. Bibi akanishika mkono, akaanza upya tangu mwanzo.